Makazi ya kwanza Kibaha, kazi Dar: hatua za kununua bila kujutia

Anayefanya kazi Posta au Kariakoo na bado amepanga, akianza kutafuta pa kwake hukutana na tatizo lilelile: Sinza, Tabata, hata Kimara, bei ya kiwanja kitupu inamaliza akiba yote kabla hajanunua tofali la kwanza. Akivuka Kibamba na Kiluvya akaingia Kibaha, hesabu inabadilika. Mji huu uko kando ya Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo una hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tumbi, shule za Shirika la Elimu Kibaha, benki, masoko na ofisi za serikali. Maji yanayosafishwa Ruvu Juu, karibu na Mlandizi, yanapita hapo yakielekea jijini.

Lakini bei ndogo si sababu kubwa ya kwenda Kibaha. Sababu kubwa ni kwamba pesa ambayo Dar ingekupa kipande cha bondeni kisichopimwa, Kibaha inaweza kukupa kiwanja chenye namba na kitalu, na ukabakiwa na kitu cha kujengea. Mnunuzi wa mara ya kwanza hana akiba ya kukosea mara mbili. Kwake yeye hati safi ni muhimu kuliko chumba cha ziada, na tofauti ya bei kati ya Dar na Kibaha ndiyo inayompa nafasi ya kuidai.

Kwa wengi, makazi ya kwanza huja kwa sura tatu: kiwanja kitupu, pagala, yaani nyumba ambayo mwenyewe ameishia njiani kuijenga, au nyumba iliyokwisha. Hatua nyingi zinafanana kwa zote.

Hatua ya 1: Pima safari kabla ya kupima kiwanja

Nyumba mbovu inarekebishika. Safari ya kwenda na kurudi kazini huwezi kuirekebisha mwenyewe, ndiyo maana inakaguliwa kwanza.

Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kutoka njia mbili hadi nane, na upanuzi huo ndio ulioisogeza Kibaha karibu na jiji. Ukifika Kimara unapokelewa na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi 2016, ya kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Muda mwingi unaopotea sasa haupotei barabarani bali kwenye kusubiri: daladala linalojaa na kuwapita wanaosubiri vituo vya mbele, foleni ya kupanda pale Kimara, na kipande cha vumbi kati ya nyumba yako na lami.

Fanya majaribio matatu: Jumatatu asubuhi, Ijumaa jioni, na siku moja ya mvua. Anzia kwenye kiwanja chenyewe, si stendi. Andika saa ulipotoka kiwanjani, ulipofika lami, ulipopanda gari (si ulipofika kituoni), na ulipoingia mlango wa kazini. Anayekuambia "dakika kumi tu mpaka lami" anahesabu kwa bodaboda, wakati wa kiangazi, bila mtoto wala mzigo.

Kisha weka nauli kwenye karatasi. Tuseme bodaboda ni shilingi 1,000, daladala 1,000 na mwendokasi 1,000. Hiyo ni 6,000 kwa siku kwenda na kurudi, 132,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Mkiwa wawili mnaofanya kazi mjini, 264,000. Sasa angalia kile kipande cha bodaboda peke yake: 2,000 kwa siku ni 44,000 kwa mwezi, 528,000 kwa mwaka, na 5,280,000 kwa miaka kumi. Kiwanja ambacho unatembea kwa mguu mpaka kituoni kinaweza kuzidi kile cha ndani kwa milioni tano na bado kikawa rahisi kuliko kingine. Wanunuzi wengi huangalia bei ya kiwanja tu, wakaingia ndani kilomita nne ili waokoe milioni tatu, na hizo tatu zikaishia kwa bodaboda kabla mwaka wa sita haujaisha.

Mwenye gari ahesabu kilomita 80 kwa siku. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 176 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hiyo, halafu ongeza matairi na huduma.

Ukivuka Kibaha kwenda Visiga, Misugusugu na Mlandizi bei zinashuka tena, ila hapo njia ni nyembamba na unaigawana na malori yanayotoka bandarini. Ajali moja ya lori inakula asubuhi nzima. Kuhusu treni ya reli ya kisasa (SGR), ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, kuna vituo vya Soga na Ruvu upande huo. Usinunue huko kwa hoja ya treni mpaka uwe na ratiba mkononi, ukajua ni treni ngapi za alfajiri zinazosimama kwenye kituo hicho na za jioni zinarudi saa ngapi. Kuona reli inapita si sawa na kuwa na treni ya kupanda.

Hatua ya 2: Jua unaweza kulipa nini

Gawa pesa yako mafungu matatu kabla ya kumpigia dalali yeyote. La kwanza ni bei yenyewe. La pili ni gharama za karatasi: wakili, mthamini, ushuru wa stempu ambao ni takriban asilimia 1 ya thamani, ada za usajili, na upimaji kama eneo halijapimwa. Tenga asilimia 5 hadi 10 ya bei kwa fungu hili. La tatu ni pesa ya kuhamia: umeme, maji, tenki, mlango na madirisha ya vyumba viwili vya kuanzia. Anayemaliza pesa yote kwenye bei hukaa miaka na mkataba wa karatasi moja, akisubiri kupata pesa ya hati.

Mikopo ya nyumba ya benki ipo, na riba zake kwa kawaida zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Tazama mkopo wa milioni 50 kwa riba ya asilimia 16. Kwa miaka 15 rejesho ni kama 734,000 kwa mwezi, na mpaka mwisho utakuwa umelipa kama milioni 132. Kwa miaka 10 rejesho ni kama 838,000, jumla kama milioni 100 na nusu. Laki moja na kidogo ya ziada kila mwezi inakuokolea karibu milioni 32. Kama mshahara unaruhusu, chukua muda mfupi. Benki nyingi zitahakikisha pia kwamba baada ya makato yote unabaki na angalau theluthi moja ya mshahara, na kwenye mshahara huo ndiko itakakotoka ile nauli ya 132,000. Ihesabu kama sehemu ya rejesho.

Benki haitakopesha kwa dhamana ya kiwanja kisicho na hati. Ukipanga kukopa, ondoa kwenye orodha maeneo yote ambayo hayajapimwa, hata kama bei yake inavutia kiasi gani.

Wanaouza viwanja kwa awamu ni wengi ukanda huu, na kwa mtu wa kipato cha kati ni njia nzuri. Uliza mambo manne na ujibiwe kwa maandishi: shamba lote lililogawanywa limesajiliwa kwa jina la nani, limewekwa rehani mahali popote, ramani ya mgawanyo imeidhinishwa na halmashauri, na ukichelewa awamu mbili pesa uliyolipa inakwenda wapi.

Hatua ya 3: Lione eneo likiwa na mvua

Kiwanja kilichoonekana kizuri Agosti kinaweza kuwa njia ya maji Aprili. Kama unaweza kusubiri, kikague wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kama huwezi, tafuta alama: mstari wa tope kwenye kuta za majirani, mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi ya chini ya vichaka, magunia ya mchanga mbele ya milango. Ongea na mama anayeuza mboga pale pembeni, si na dalali. Yeye amekaa hapo masika yote na hana cha kukuuzia zaidi ya mchicha.

Chimba shimo la mita moja. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, uuviringishe kwenye viganja. Ukikatika haraka, una mchanga wa kutosha. Ukitoka kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, msingi wa kawaida hupasuka juu yake, na utalazimika kuchimba zaidi, kujaza moramu na kufunga jamvi kwa nondo. Nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona za madirisha ya majirani zitakuambia habari hiyohiyo bila kuchimba. Mwaga ndoo mbili za maji kwenye shimo: yakikaa mpaka kesho yake, shimo la maji taka nalo litakusumbua.

Mipaka ya hifadhi ndiyo imewaumiza watu wengi zaidi kwenye barabara hii. Kuanzia Kimara hadi Kiluvya hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani yake zilibomolewa, zikiwemo za watu waliokuwa na mikataba, umeme na maji. Kuwa na mita ya umeme ya LUKU hakukuhalalishi. Kwa kiwanja chochote kilicho karibu na barabara kuu, nenda TANROADS Pwani ukiwa na viwianishi (namba za GPS) vya kona zake uulize kwa maandishi, na uulize pia kuhusu mpango wa barabara ya kulipia ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro. Fanya hivyo TANESCO kama nguzo kubwa za umeme zinapita, DAWASA kama bomba kuu liko jirani, na shirika la reli kama uko upande wa reli. Kingo za mito zina mita 60 zisizoruhusiwa kwa shughuli za kudumu, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004.

Umeme: pima umbali kutoka nguzo ya karibu. Kwa viwango vilivyotangazwa 2022, kuunganishwa njia moja mjini bila nguzo ilikuwa 320,960, kwa nguzo moja 515,618, kwa nguzo mbili 696,670. Mitaa iliyohesabiwa kijiji ilikuwa inalipa 27,000. Uliza TANESCO eneo lako linahesabiwa kundi gani, maana ndani ya Kibaha majibu hayafanani. Maji: fungua bomba la jirani saa moja jioni na uulize yanatoka siku ngapi kwa wiki. Familia ya watu watano hutumia kama lita 300 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 linawavusha siku sita. Kama mgao wa mtaa huo ni mara moja kwa wiki, nunua kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Hesabu mita, si miguu

Ukiambiwa "ishirini kwa ishirini", uliza: mita au hatua? Maeneo yasiyopimwa bado huuzwa kwa hatua za miguu. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hatua 20 ni mita 15, kwa hiyo kiwanja ulichodhani ni mita za mraba 400 ni 225. Umelipia karibu mara mbili, na hayo utayagundua siku mpimaji anapofika na kukuambia nyumba uliyochora haiingii.

Beba futi kamba ya mita 50. Pima pande zote nne, kisha pima kona kwa kona mara mbili. Kama kiwanja ni mstatili, vipimo viwili vya kona kwa kona vitalingana; vikipishana mita mbili, umbo si lile ulilochorewa. Kama kimepimwa, tafuta bikoni zote: vipande vya chuma vilivyozungushiwa zege, vyenye namba. Namba hizo lazima zifanane na zile za kwenye ramani ya upimaji. Bikoni moja ikikosekana, usikubali kuonyeshwa kwa kidole "ilikuwa hapa". Mlipe mpimaji aliyesajiliwa airudishe kwa viwianishi, muuzaji akiwepo na majirani wakiwepo.

Hatua ya 5: Fanya upekuzi

Hapa usiharakishwe na mtu yeyote, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine anakuja saa tisa.

Kwa kiwanja chenye hati, chukua nakala, kisha uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Jibu litakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani, kama kuna zuio lililowekwa na mtu, na masharti ya matumizi. Soma muda wa hati: hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na inayohesabiwa ni miaka iliyobaki. Soma pia matumizi. Kiwanja cha "makazi" hakikupi ruhusa ya kujenga fremu za maduka. Uliza deni la kodi ya pango la ardhi, kwa sababu deni la miaka kumi halifutiki kwa kubadilisha mmiliki.

Kwa eneo lisilo na hati, kazi ni kubwa zaidi. Nenda idara ya mipango miji ya halmashauri ukaangalie mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Kipande unachouziwa kinaweza kuwa kimechorwa barabara, shule au eneo la wazi, na muuzaji asijue kabisa. Uliza kama mtaa umepita kwenye urasimishaji (kupimwa na kutambuliwa kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa) na kipande hicho kimepewa namba gani. Kisha tembea mipaka na majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, ukiwauliza wamemjua muuzaji kwa muda gani na eneo alilipata kwa nani.

Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba muuzaji anafahamika. Hauhamishi umiliki. Na ile asilimia 10 inayodaiwa sehemu nyingi kwa ajili ya muhuri, uliza inalipwa kwa sheria ipi na upewe namba ya malipo ya serikali (control number). Kama haipo, hujalipa serikali.

Maswali mawili kuhusu muuzaji mwenyewe. Ameoa au ameolewa? Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zote zinasema hivyo, na mauzo mengi yamevunjwa mahakamani kwa kasoro hiyo moja. Mwenza asaini mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho chake. La pili: mali ni ya urithi? Basi anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake, na warithi walio watu wazima wasaini kuridhia. "Sisi ndugu tumekubaliana" haitoshi, hata wakija wote saba kukuambia.

Aliyeko Muscat au London anayemtumia ndugu pesa za kununulia, aandae hati ya uwakili iliyosajiliwa na mkataba uandikwe kwa jina lake yeye. Jina la ndugu likiingia kwenye hati "kwa muda", kulitoa ni mauzo mapya yenye kodi mpya.

Hatua ya 6: Mkataba na malipo

Mkataba wa mauziano ya ardhi lazima uwe wa maandishi, na wakili awe wako, si yule aliyeletwa na dalali. Ndani yake ziwepo namba za NIDA za pande zote, namba ya kiwanja na kitalu, eneo kwa mita za mraba, namba za bikoni, bei kwa tarakimu na maneno, tarehe za awamu, tarehe ya kukabidhiwa, nani analipa kodi gani, na pesa kurudishwa kama kasoro ya umiliki itajitokeza. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, au asilimia 3 ya bei au thamani, ile iliyo kubwa, kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama alizonunulia. Bila hati ya TRA kuonyesha imelipwa, uhamisho unakwama. Ikiwa hamjaandika, muuzaji atakuambia "bei niliyokupa ni yangu mkononi", na kodi inakuangukia wewe.

Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe. Bakiza asilimia 10 hadi 20 mpaka nyaraka zote za uhamisho ziwe zimesainiwa na kukabidhiwa. Kamisheni ya dalali ikubaliwe kwa kiasi na kwa maandishi kabla hajakuonyesha eneo la kwanza.

Hatua ya 7: Hamisha hati mara moja

Zinajazwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35: taarifa ya mauzo, maombi ya kibali, na uhamisho wenyewe. Zinaambatana na taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa, hati ya kodi kutoka TRA, hati halisi, mkataba, picha na vitambulisho. Ushuru wa stempu ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, kuepuka adhabu. Usiridhike kukaa na hati yenye jina la muuzaji ndani ya kabati. Akifa, unaanza kuwatafuta warithi wake. Akikopa au akishtakiwa, jina linaloonekana kwa Msajili bado ni lake.

Hatua ya 8: Kama unanunua pagala

Pagala la Kibaha linaweza kuwa nafuu kubwa, kwa sababu muuzaji mara nyingi anahitaji pesa na kazi ya msingi imeshafanyika. Likague na fundi wako, asubuhi, jua likiwa la upande.

Anza na mchanga wa kati ya tofali. Chukua ufunguo ukwangue. Ukitoka unga kama sukari, saruji ilikuwa ndogo na ukuta huo hautabeba paa zito. Ukuta uliokaa wazi misimu kadhaa unyweshwe maji ndoo moja juu; ukiona yanatokea upande wa pili ndani ya dakika chache, tofali ni hafifu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali nzuri za inchi 6 kati ya 25 na 30. Wanaouza kwa bei ya chini sana huvuta mpaka zaidi ya 40, na hizo ndizo zinazomeguka kona ukizibeba.

Angalia lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Pawe na nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20 hivi, na zege lisiwe na matundu yanayoonyesha kokoto. Nondo zilizochomoza juu zikiwa na kutu ya juujuu, brashi ya waya inatosha. Zikiwa zimemenyeka na kupungua unene, zikatwe na kuunganishwa upya. Shusha timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) kwenye kona zote. Pima vyumba kona kwa kona; tofauti ya zaidi ya sentimita mbili itakusumbua kwenye vigae na madirisha.

Kama utaongeza ukuta, mita moja ya mraba hula tofali 9 hadi 10. Ukuta wa mita 10 kwa 3 ni kama tofali 300, pamoja na za kuvunjika. Kwenye kupaua, mbao ziwe na dawa, na bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Namba ikipanda, bati linapungua. Omba pia kibali cha ujenzi cha pagala lenyewe. Kama halikuwa nacho, ulizia halmashauri gharama ya kulirasimisha, na kiasi hicho kikatwe kwenye bei.

Si lazima umalize nyumba yote ndipo uhamie. Vyumba viwili, choo, jiko na paa lililokamilika vinatosha kukuondoa kwenye kodi ya nyumba ya kupanga. Lakini milango ya nje na nyavu za mbu zisisubiri.

Hatua ya 9: Baada ya kuhamia

Badilisha jina la akaunti ya maji DAWASA na taarifa za mita ya umeme. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kwa viwango vya 2023. Kama nyumba uliyonunua ina mita mbili au tatu kwa sababu ilikuwa na wapangaji, kila mita itakatwa kama jengo lake. Nenda ofisi inayosimamia kodi hiyo na namba za mita zote, hati na kitambulisho, uombe makato yabaki kwenye mita moja. Kodi ya pango la ardhi ni jambo jingine na haikatwi kwenye umeme. Inalipwa kila mwaka kwa namba ya malipo ya wizara ya ardhi, na risiti zake zikae kwenye faili moja na hati.